Miwani Ndani ya Kitabu cha Punda

Chumbani kwangu kuna kabati dogo lenye kufuli. Wajukuu wanaamini nimeweka humo hati za nyumba, na mke wa mwanangu wa pili anaamini ni vitenge vipya ninavyomnyima. Ni vitabu vya watoto. Viko vya sungura, viko vya kuku, kiko cha msichana anayelala ndani ya ngoma, vyote vina picha kubwa na maneno machache kila ukurasa, na hakuna hata kimoja nilichomnunulia mtoto. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, kwa hiyo kisingizio ninacho: mgeni akinikuta na kimoja mkononi nasema nachagua cha kumpa mjukuu. Nina zaidi ya miaka themanini na bado nadanganya juu ya jambo hili, tena bila kigugumizi.

Sioni haya kuvipenda. Nimesikia wakaguzi wa shule wakieleza kwa maneno marefu kwa nini mtu mzima hufurahia kitabu cha mtoto, nikawa nawatazama tu, kwa sababu sababu yenyewe niliambiwa nikiwa na miaka kumi na mtu aliyeijua kuliko wao. Ninachoficha ni kingine. Kila nikifungua kitabu cha namna hiyo nakumbuka nilivyomfanyia mtu huyo kwa ajili ya furaha ile ile ninayoifaidi mimi sasa. Ndiyo maana navisoma kama mwizi.

Mtu huyo alikuwa baba yangu.

Tulikaa Elisabethville, mji wa migodi chini ya Wabelgiji, katika mitaa ya weusi, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Baba alikuwa karani katika bohari ya mizigo ya reli. Alikuwa ametoka kaskazini, upande wa Mitwaba, na cheti cha misheni ndani ya bahasha, na tangu siku ile hakuonekana barabarani bila tai. Kazi yake ilikuwa kuandika: nini kimeingia ndani ya behewa, nini kimetoka, gunia gani limelowa, nani atie sahihi. Nyumbani tulikuwa wanne. Baba, Mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume wa miaka sita.

Sasa lazima nieleze jambo la nyumba yetu, maana bila hilo hutaelewa kosa langu. Kwetu mtoto akirithi jina la mtu, anarithi pia namna mtu yule alivyoitwa. Mdogo wangu alipewa jina la babu, yaani baba yake baba yangu. Kwa hiyo Baba alimwita mwanawe "Baba". Mama naye hakuweza kutamka jina la mkwe wake, heshima haikumruhusu, basi akamwita "Baba" vile vile, na mimi nikafuata. Wageni walicheka wakisikia mwanamume mzima mwenye tai akimwambia kitoto chenye kamasi, "Baba, njoo ule." Sisi hatukuona cha kuchekesha. Nyumba ilikuwa na Baba wawili, mkubwa na kadogo, na Mama alikuwa hajapata kumpiga yule kadogo hata siku moja, maana nani anampiga baba mkwe wake?

Kitabu kililetwa na huyo Baba kadogo. Kila Jumamosi mapadri waliwaazima watoto wa mwaka wa kwanza kitabu kimoja kimoja, kwa sharti la mikono safi. Wenzake walibadilisha. Yeye alirudisha kile kile Jumatatu na Jumamosi akakiomba tena, mpaka padri akadhani mtoto hana akili. Alikuwa ametumwa. Baba mkubwa ndiye aliyekitaka.

Kilikuwa cha Kifaransa, chembamba, jalada lake limeliwa na panya pembeni. Kilisimulia habari za punda aliyepita mbele ya stesheni siku shefu wa stesheni, yaani mkuu wake, alipokuwa akilala usingizi wa mchana. Kofia nyekundu ya shefu ilikuwa imetundikwa nje, punda akaingiza masikio, kofia ikakaa. Basi abiria wote wakamsalimu. Hajui kusoma saa, hajui kupiga filimbi, lakini ana kofia. Treni ikifika yeye analia kilio cha punda, na treni inatii. Anayetaka kwenda kumwona mama yake anaambiwa apande bure, na tajiri mwenye masanduku kumi anaambiwa angojee kesho. Mambo yanakwenda vizuri stesheni ile kuliko zamani. Mwishoni shefu anaamka, anadai kofia yake, na punda anarudi kuvuta mkokoteni, ila tangu siku ile kila treni ikimpita njiani inapiga honi.

Basi, ni hayo tu. Baba alikisoma kila Jumapili baada ya misa na baada ya bukari, ugali wetu, kwenye kiti chake chenye mto, miwani puani, mdogo wangu amekaa juu ya mguu wake. Alisoma Kifaransa, akatafsiri, akaongeza yake. Na kila alipofika mahali pa punda kulia, alilia. Siyo kidogo. Aliweka kitabu magotini, akavuta pumzi, akaanzia chini kabisa tumboni na kupanda mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Kisha alisema maneno ya punda kwa sauti fulani ya puani, kavu, yenye haraka, na hapo yeye mwenyewe alishindwa kuendelea kwa kicheko. Sauti ile niliitambua. Niliwahi kumpelekea Baba chakula bohari na nikamsikia Mzungu wake akitoa amri. Ilikuwa sauti ya shefu wake.

Mimi wakati huo nilikuwa nyuma ya ukuta, naosha sahani. Hakuna aliyenikataza kuja kukaa nao. Ila hakuna aliyeniita pia. Nilikuwa mwaka wa tano kwa masista, nilijua kusoma mwenyewe, na kwa hiyo nilihesabiwa mkubwa.

Jumapili nyingine mdogo wangu alikuwa amekwenda kwa shangazi, nami nilipita na ndoo nikamkuta Baba anasoma kitabu kile peke yake. Anacheka peke yake. Nilisimama. Nadhani uso wangu ulisema nilichofikiri, maana alivua miwani na kunijibu kabla sijauliza.

"Ku kazi, kila karatasi inanitakaka kintu," alisema. "Hii haiombe kintu. Tena kule bananiitaka boyi, bananiitaka mutoto, muchana yote. Hapa, kama niko mutoto, ni miye mwenyewe nimependa."

Nimefundisha, nimestaafu, nimezika mume, na sijapata kusikia jibu zuri kuliko hilo. Lakini siku ile halikuniingia. Nilichukua ndoo yangu na kwenda bombani nimenuna. Mimi sikutaka baba anayependa kuwa mtoto. Nilitaka baba mzima, wa tai, kama wa kwenye picha.

Kisha likaja la shuleni. Binti mmoja wa nyumba ya nyuma, tuliyesoma naye darasa moja, alisikia kilio cha Jumapili, na Jumatatu akakipeleka kwa masista. Wakati wa kunywa maji wasichana walijipanga bombani na kila mmoja akanililia sikioni kama punda. Walifanya hivyo wiki nzima. Sikumwambia mtu. Nilikusanya hasira yangu yote na kumwekea Baba, kwa sababu wale wasichana walikuwa wengi na Baba alikuwa mmoja.

Mwaka huo huo Baba aliomba kadi. Wenye umri wangu wanaijua. Kwa wengine nieleze. Serikali ya Wabelgiji iliwapa watu weusi wachache karatasi ya kuthibitisha kwamba wamestaarabika. Hupewi kwa kuomba tu. Tume inakuja nyumbani kwako, inatazama unavyokula, unavyolala, choo chako, mashuka yako, mkeo anajibu namna gani, watoto wana adabu gani. Leo nikisimulia hivyo vijana wanakasirika, nao wana haki. Wakati ule tulikuwa na woga, hasira ilikuja baadaye. Watu walisema mwenye kadi anaweza kumwombea mwanawe nafasi katika shule nzuri ya Wazungu. Baba hakuitaka ili aonekane. Aliitaka kwa ajili ya nafasi hiyo, na nafasi hiyo, kwa kuwa mdogo wangu alikuwa mchanga bado, ilikuwa yangu. Alinieleza hivyo mwenyewe, mara moja, bila kuremba. Nilijua basi. Sina hata udhuru wa kusema sikujua.

Tulijitayarisha miezi. Uma na visu vililetwa, na tukala bukari kwa uma, kitu cha kutia uchungu, bukari inaning'inia, mchuzi unadondoka. Mama alijifunza kusema "bonjour, messieurs" bila kutazama chini. Baba aliazima kamusi nene, kitabu cha sheria na cha historia ya Kanisa, akavipanga juu ya meza ndogo, migongo yake ikitazama mlango. Biskuti zilinunuliwa na kufichwa tusizione, tukaziona. Na jioni ya kuamkia siku yenyewe Mama alikusanya vitu vyote vya mdogo wangu, gari la waya, mpira wa matambara, kitabu cha punda ambacho Jumatatu ile hakikurudishwa, akavitia ndani ya kikapu na kumwambia avipeleke kwa shangazi, alale huko huko, maana midomo ya mtoto wa miaka sita haina mlango. Mimi nilibakizwa. Nilikuwa mwenye akili.

Tume ilifika Jumamosi asubuhi. Walikuwa watu watatu: Wazungu wawili, na mwalimu mmoja mweusi, mtu wa kaskazini kama sisi, aliyekwisha kupata kadi yake. Walitazama jiko. Walitazama choo. Mmoja alifunua shuka akapima usafi wake kwa vidole. Walikunywa chai, wakala biskuti, wakamwuliza Baba maswali, naye akajibu kwa Kifaransa kisichoteleza. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko na gauni langu la misa, na nakumbuka kwamba nilijivuna. Nilimwona Baba niliyemtaka.

Halafu Mzungu mnene alikwenda kukaa kwenye kiti cha Baba. Aliketi, akainuka, akaingiza mkono chini ya mto. Akatoa kitabu cha punda. Ndani yake, kuonyesha msomaji alipofikia, kulikuwa na miwani ya Baba.

Mdogo wangu hakukipeleka kitabu. Au tuseme alikipeleka hadi mlangoni, na Baba akakitoa kikapuni kwa siri. Nilijua hilo kwa kuona macho ya Baba wakati ule.

Mzungu alikipindua pindua, akanigeukia mimi. Nafikiri alitaka kunipa nafasi nzuri, maana uso wake ulikuwa wa kucheka. Akaniuliza kwa Kiswahili chao cha kuamuru, "Hii kitabu ya nani?"

"Ya Baba," nilisema.

Wakacheka wote wawili. Baba alieleza mara moja, kwa utulivu. Alisema katika nyumba hii Baba ni mtoto mdogo, aliyerithi jina la babu yake, na kitabu ni chake cha shule. Mzungu akainua miwani kwa vidole viwili, akauliza kama nayo ni ya mtoto mdogo. Baba akasema miwani ni yake, maana yeye ndiye anayemsomea mwanawe siku ya Jumapili. Hapo uso wa Mzungu ulibadilika, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Mzazi anayemsomea mtoto, hilo lilikuwa jambo la kistaarabu. Baba aliokoka. Niliona mabega yake yakishuka.

Wakatoka nje kutazama ua. Yule mwalimu mweusi alibaki nyuma. Alinijia mlangoni mwa jiko, akainama mpaka nikanusa sabuni yake, akaniuliza kwa sauti ya chini, ya upole. Mpaka leo naamini alitaka kusikia jibu jema ili alipeleke.

"Mwanangu, ni Baba gani anasomaka hii kitabu? Ule mukubwa ao ule kadogo?"

Wazee husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujikwaa. Aliyejikwaa hakupanga. Mimi niliwaona wale wasichana bombani, niliona sahani zangu nyuma ya ukuta, nikafikiri: watu hawa wakubwa wakijua, watamwambia aache, na ataacha.

"Ni ule mukubwa," nilisema. "Anasomaka hata yeye peke yake. Anacheka. Na ile punda, anaisemesha na sauti ya shefu yake."

Mwalimu hakuinuka haraka.

"Ile maneno usiiseme tena kwa muntu," alisema. "Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Akatoka kuwafuata wenzake uani, akaongea nao, nami sikusikia alichosema. Huenda alinificha. Huenda alimficha Baba. Huenda alisema nusu: kwamba mzee huyu anajisomea vitabu vya watoto, bado hajakomaa. Ya shefu hakuyapeleka, maana Baba hakufukuzwa kazi. Nimekaa na hizo huenda miaka yote hii, na hakuna hata moja iliyonifaa.

Walipoondoka Mama alinikumbatia. Alisema nimejibu vizuri, "Ya Baba" lilikuwa jibu la kweli tena la adabu, na akanipa biskuti zote zilizobaki kwenye sahani. Nilizila. Nilizila zote nimekaa juu ya kizingiti, na zilikuwa tamu, sitasema uongo.

Barua ilikuja baada ya majuma mengi. Baba aliisoma mara moja akaikunja. "Banasema tungojee," alisema, na sote tulielewa. Sababu haikuandikwa. Ndipo kila mmoja nyumbani akajitafutia ya kwake. Mama alipata ya kwake upesi: ni kitabu. Wale Wazungu walicheka, yeye aliwaona, na kitabu kingepelekwa kwa shangazi kama alivyoagiza wasingecheka. Akachukua mwiko, akamwita mdogo wangu uani. Na kabla ya kumpiga alimpigia goti, maana alikuwa anakwenda kumpiga baba mkwe.

"Baba, unisamehe," alisema. Kisha akampiga.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilikuwa nimesimama pale na sahani mikononi, na mzigo wangu ulikuwa mgongoni kwa mtoto wa miaka sita, nami sikuhisi uzito wowote ila aibu kidogo. Hakulia sana. Alishangaa zaidi kuliko kulia. Alikuwa hajui kwamba mtu mwenye jina lake anaweza kupigwa. Baba alitoka, akasema, "Umuache, ni mutoto," akarudi ndani. Hakusema kwamba ni yeye aliyekitoa kikapuni. Wakati huo nilimwona mwoga. Leo najua alikuwa na aibu, na aibu ile niliipika mimi.

Jumatatu kitabu kilirudishwa kwa mapadri na hakikuja tena. Na Baba alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Alianza kuacha miwani yake kazini. Aliiweka ndani ya droo ya bohari saa ya kutoka, akaja nyumbani macho matupu. Hakusoma tena kwetu kitu chochote, si gazeti, si barua za ndugu. Barua alinipa mimi nimsomee. Jumapili alikaa kwenye kiti chake baada ya bukari, mikono juu ya magoti. Mdogo wangu aliacha kumkaribia. Nilichotaka nilikipata: baba mzima, wa tai, kimya. Wasichana wa bombani walisahau baada ya siku chache na kuanza kumtania mwingine.

Shule ya Wazungu sikwenda, ila nilisoma kwa masista hadi nikawa mwalimu. Nilipokabidhiwa kabati la vitabu la darasa la kwanza, baada ya uhuru, nilianza kubeba vitabu vya watoto kwenda nyumbani kwa wazazi. Nilijifanya nimevisahau juu ya kiti. Baba wakati huo alikuwa na pensheni na miwani aliirudisha nyumbani, alihitaji kwa dawa zake. Kila mara alikuta kitabu juu ya mto, alikichukua kwa mikono miwili, akakiweka mezani picha zikitazama chini, kisha akaketi. Nilijaribu cha sungura. Nilijaribu cha treni. Siku moja nilimwambia kinachekesha sana, Baba, jaribu, akasema macho yake yanachoka. Ningeweza kumwambia wakati ule. Tulikuwa wawili tu chumbani. Nilikwenda jikoni kutazama kama maji yamechemka.

Alikufa miaka mingi baadaye, na kwenye matanga watu walimsifu kwa ukimya wake.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa mashine mgodini Kipushi. Hakupenda shule, alisema yeye na vitabu hawaivi chungu kimoja, kimoja kilishamkosesha baba yake kadi. Alikuwa akisimulia habari ile kwenye sherehe za familia, watu wanacheka, yeye anacheka, hadi mahali pa Mama kupiga goti. Hapo aliishia kila mara. Nilicheka pamoja nao.

Miaka michache iliyopita alikuja kukaa kwangu kwa ajili ya macho yake. Daktari alimpa miwani, na asubuhi iliyofuata akawa anazunguka nyumbani akisoma kila kitu kwa furaha, chupa za dawa, kalenda, mfuko wa unga. Nilikuwa nimesahau kufunga kabati. Alitoka chumbani kwangu ameshika kitabu cha kuku, miwani mpya puani, na nilipomwona akisimama hivyo mlangoni nilimwona Baba mzima mzima.

"Hii kitabu ya nani?" aliuliza.

Kisingizio kilikuwa tayari mdomoni. Ya mjukuu. Nilimwambia ni yangu, ninaisoma mwenyewe, peke yangu, nacheka. Kisha nikamwambia akae chini, nikamweleza mengine yote: bomba, sahani, mwalimu aliyeinama, nililoulizwa na nililojibu, biskuti. Sikupunguza kitu. Nilimwambia mwiko wa Mama ulikuwa wangu.

Alivua miwani akaifuta kwa shati. Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Aliuliza kama Baba alijua. Nikasema hapana, sikumwambia mpaka mwisho.

"Kwa hivi Baba alikufa anazani ni miwani yake," alisema.

Hilo nilikuwa sijalifikiria kwa maneno, ingawa nimeishi nalo. Mimi nilijihesabia kadi, nilijihesabia fimbo. Kumbe Baba naye alikaa Jumapili zote zile na sababu yake mwenyewe, kwamba ni kwa kupenda kwake kitabu, kwa kuacha miwani yake mahali pa kujionyesha, ndivyo alivyowaponza watoto wake. Nikalia. Mdogo wangu hakunibembeleza, na sikustahili.

Alivaa tena miwani, akasema amesahau punda aliishia wapi. Alikuwa anakumbuka kofia tu. Nikamsimulia tangu mwanzo, usingizi wa shefu, masikio ndani ya kofia, abiria wa bure, tajiri wa kesho. Nilipofika mahali pa kulia nilisita. Kisha nikalia kilio cha punda, mimi bibi kizee mwenye kitambaa kichwani, mchana kweupe, na mjukuu akachungulia dirishani kuona kuna nini.

Mdogo wangu hakucheka. Alitikisa kichwa.

"Hapana vile," alisema. "Baba alianzaka chini."

Akavuta pumzi, akanionyesha.